Tulipanda mikoko 4,000, imebaki 260: kosa ni mbegu, mahali au kaa?

Jasini_Pwani

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa wanaojua kazi hii, siyo wa kututia moyo tu.

Ni kikundi cha kijiji wilayani Mkinga, Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Tuna eneo la hekta 2 hivi, vipande viwili:

Kipande A ni tope tupu mbele ya mililana (mikoko inayosimama mbele kabisa), upande wa bahari. Maji yakijaa linazama, hata siku za maji mafu (bahari inapojaa kidogo). Hapa tulipanda 2,500.

Kipande B kiko nyuma ya msitu, jangwa la chumvi lenye tuta kuukuu la waliokuwa wakivuna chumvi. Maji yanafika bamvua tu (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu), tena kidogo. Hapa tulipanda 1,500.

Kote tulipanda mkoko mtupu (ule wa mizizi ya matao, Rhizophora), mita 1 kwa mita 1, mwezi wa Januari. Mbegu tulichuma mtini. Baada ya miezi minane A imebaki kama 250, B imebaki kumi. Kule A mingi imelala chini na shina limejaa vile vijigamba vyeupe vinavyong'ang'ania hata mitumbwi. Kule B imekauka bila kutoa hata majani mawili. Mbegu nyingine zina tundu dogo kama la sindano.

Mfadhili anataka tupande 10,000 masika yajayo, hapohapo. Je, turudie? Na kama tunataka mikoko ya aina nyingine, mchu na mkomafi, mbegu zake zinashughulikiwaje? La mwisho, wajumbe wanauliza sana habari za kuuza hewa ukaa (kulipwa kwa kutunza msitu) kama wenzetu wa Gazi, Kenya.

---

MpimaMaji

Msirudie. Mkipanda 10,000 hapohapo mtapata 600 na lawama.

Umetaja mambo manne tofauti kwenye swali moja, nitenganishe.

Kipande A hakifai msitu. Mlilana ndio mti unaovumilia maji kuliko wote kwetu. Ukiona mlilana umekoma mahali, jua baada ya hapo ni chini mno kwa mti wowote. Mikoko inaishi kuanzia takribani usawa wa kati wa bahari hadi pale bamvua kubwa linapofika. Chini ya hapo mche unazama saa nyingi mno, mizizi haipati hewa, na vile vijigamba vinapata muda wa kutosha kujishika. Vikishajaa shina linakuwa zito, wimbi moja la kusi linaulaza. Kwa hiyo vijigamba siyo ugonjwa wa kutibu. Watu hukwangua kwa kisu kila wiki, wanachubua gome na mche unakufa mapema zaidi. Vinakuambia tu kwamba umepanda chini mno. Hao 250 waliobaki nadhani wako ukanda wa juu, karibu na mililana yenyewe. Nenda kahakikishe.

Isitoshe, tope lile lina wenyewe: akina mama wanaokota chaza, ndege wa pwani wanalisha. Kama kuna majani bahari ndiyo kabisa usiguse. Swali pekee la kuuliza wazee ni kama mililana iliwahi kusimama pale ikakatwa au ikaliwa na bahari. Kama haijawahi, achaneni nalo.

Kipande B ni habari nyingine. Pale palikuwa na msitu, tuta ndilo lililouua. Tatizo lake ni maji, mbegu hazina kosa sana.

Kabla ya kugusa jembe, pima. Njia ya bei nafuu:

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, subiri siku moja au mbili bamvua likolee. Pwani yetu maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi jioni, kwa hiyo muda unao. Chomeka fito tangu ndani ya msitu mzima hadi kwenye eneo lako, moja kila mita 10 au 20. Maji yakisimama, pima kina kwenye kila fito, wote kwa wakati mmoja. Uso wa maji uko sawa, hivyo tofauti ya kina ndiyo tofauti ya urefu wa ardhi. Fito ya ndani ya mikoko mizima ikisoma sm 60 na yako ikasoma sm 110, uko nusu mita chini ya pale mti huo unapoishi. Basi, jibu umepata bila mtaalamu.

Tahadhari: nyuma ya tuta njia hii inadanganya, kwa sababu maji yanachelewa kuingia na uso wake haulingani na wa nje. Kule B tumieni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wa mafundi ujenzi wa kulinganishia msingi, mita 20. Jazeni maji, hakikisheni hamna povu la hewa, mwende nao kutoka fito hadi fito.

Kisha hesabuni mara ngapi kila fito inalowa kwa mwezi. Fungeni vichupa vidogo kwenye fito kila sm 10, mdomo juu. Maji yakipwa angalia kichupa cha juu kilichojaa, mwaga, andika. Siku ya mvua usisome. Kwa mwezi maji hujaa kama mara 57 hivi. Mlilana unakubali karibu zote. Mkoko unapenda panapolowa mara nyingi lakini siyo zote. Muia na mkandaa wanakaa katikati, panapolowa kama mara 20 hadi 45. Mchu wa nyuma na kikandaa wanatosheka na bamvua tu. Mchu ni wa ajabu kidogo, utaukuta mbele na nyuma, kwa hiyo usiutumie kama kipimo.

---

Msinzi_Rufiji

Majina kwanza tusije tukagombana bure: anachoita muia, huku kwetu ni msinzi. Mlilana wengine wanaita mpira. Mkoko wengine wanaita mkaka. Mkiandikiana na watu wa mbali wekeni na jina la kitaalamu: mlilana ni Sonneratia alba, muia ni Bruguiera gymnorrhiza, mkandaa ni Ceriops tagal, kikandaa ni Lumnitzera racemosa, mchu ni Avicennia marina, mkomafi ni Xylocarpus granatum.

Sasa mbegu. Januari mliwahi. Mkoko hukomaza kwa wingi kuelekea masika, na mbegu ya kuchuma kwa kuvuta haijakomaa. Dalili ya kukomaa ni pete ya manjano kati ya kofia na ile fimbo. Tikisa tawi: inayodondoka chukua, inayokataa iache. Vinginevyo okota chini, ila kagua.

Yale matundu ya sindano ni ya mbawakawa mdogo anayetoboa na kuzaa ndani. Mbegu yenye tundu moja tupa mbali na rundo. Pasua mbili tatu kwa kisu, ukiona vumbi la kahawia ndani ujue rundo zima linahitaji kukaguliwa moja moja. Tupa pia iliyovunjika ncha, iliyonyauka, na iliyoanza kutoa mizizi ikiwa imelala.

Mkoko, muia na mkandaa hazihitaji kitalu kama mahali ni sahihi. Chomeka theluthi moja ya urefu, ncha kali chini. Nasema hivyo kwa sababu kila siku ya upandaji na wageni lazima ukute mbegu zimechomekwa kichwa chini. Usiing'oe kofia kwa nguvu, itaachia yenyewe; ukiing'oa unaondoka na kichipukizi. Na msichomeke mpaka nusu kwa kuogopa wimbi. Mahali penye wimbi la kung'oa mbegu siyo mahali pa kupanda.

Mchu: mbegu inafanana na haragwe pana lenye ngozi. Loweka kwenye maji ya mkondo usiku mmoja, ngozi itavuka yenyewe. Isiyovuka haijakomaa. Ipande siku hiyohiyo au kesho yake, haihifadhiki. Ikifika siku ya nne tano kwenye gunia imeshaoza au imeshaota. Usiizike. Ibonyeze kwenye tope la kiriba (kifuko cha plastiki cha miche) theluthi tu, ule upande wa kimzizi chini. Ukiifunika udongo inaoza, hili ndilo kosa namba moja la vitalu vya mchu.

Mlilana: tunda moja lina vijimbegu vingi mno. Loweka matunda siku mbili mpaka yalegee, yakamue, chuja, tawanya kwenye kitanda cha tope laini, kisha hamishia kwenye viriba vikitoa majani manne. Ni kazi ya subira. Wengi huona heri kuchimba miche midogo iliyojiotea.

Mkomafi: tunda ni kama mpira, likidondoka linapasuka na ndani mbegu zimepangana kama fumbo, hata kumi na zaidi. Panda kila moja nusu ndani nusu nje. Huu unataka maji baridi yachanganyike na ya chumvi, kingo za mto za juu. Msikundazi (Heritiera littoralis) vilevile. Kama Jasini kwako hakuna kijito kinacholeta maji baridi, usiupeleke mkomafi kwenye jangwa la chumvi kwa vile tu ni adimu. Utaumaliza.

Kitalu: kiwe mahali ambapo bamvua linagusa, tope la mkondoni lichanganywe na mchanga kidogo, kivuli cha makuti nusu jua nusu kivuli. Mwezi mmoja kabla ya kuhamisha punguza makuti taratibu, miche izoee jua. Inatoka ikiwa na sm 30 hadi 60. Na viriba vivueni, vihesabuni, vichomeni au vizikeni mbali. Nimeshangaa kuona miradi ya kulinda pwani ikiacha plastiki 5,000 kwenye mkondo.

---

kaa_mla_mikoko

Hakuna aliyegusa kaa. Kaa wa mikoko anakata mbegu chini kabisa, usawa wa tope, au anaikokota mzimamzima hadi tunduni. Ukikuta fimbo imelala na ina mkato wa mshazari, ni yeye. Ukikuta imelala nzima, ni wimbi. Jasini, nenda kaangalie upya uongeze hiyo kwenye hesabu.

Dawa rahisi: mbegu za mkoko zikishaokotwa, zianike kivulini siku tano hadi saba, juu ya majani makavu, si juani. Zinasinyaa kidogo, sukari inapungua na kaa havutiwi sana. Pengine mnaweza kuvisha mwanzi uliopasuliwa kuzunguka kila mche.

---

MpimaMaji

Kivulini nakubaliana. Mwanzi hapana, kwa miche elfu na zaidi ni kazi ya bure: maji yanaubeba, unapiga miche ya jirani, na ukikaa unashika takataka na majani bahari mpaka mche unalala. Penye kaa wengi panda mche wa kitalu wenye shina gumu badala ya mbegu. Halafu kaa msimchukie sana. Matundu yake ndiyo yanayoingiza hewa na maji kwenye tope. Tope lisilo na tundu hata moja la kaa linanitia wasiwasi zaidi.

---

Jasini_Pwani

Nimeenda leo na daftari. Mko sahihi: kule A waliobaki karibu wote wako ndani ya mita sita kutoka mililana. Mikato ya kaa nimekuta 31 tu. A tunaiacha.

B sasa. Tuta lina urefu wa mita 140 hivi, kimo kiunoni. Tulivunje lote? Chumvi inaonekana nyeupe juu ya ardhi, nyayo hazizami.

---

MpimaMaji

Lote hapana. Tafuta mkondo wa zamani ulipopita, na huwa unaonekana: pana bonde kidogo ndani, na nje ya tuta kuna kijito kinachokoma ghafla. Hapo ndipo pa kukata. Mkikata penginepo maji yataingia lakini hayatatoka yote, yatatuama, jua la kaskazi litayachemsha na chumvi itazidi ya mwanzo.

Kata mita 2 hadi 3, siku za maji mafu, mkianzia nje kwenda ndani. Sakafu ya mkato ilingane na sakafu ya kijito cha nje. Ikibaki juu hata sm 20 umetengeneza bwawa. Ndani chimbueni mkondo mwembamba wenye mteremko mdogo, kina cha goti mlangoni kikipungua kadiri unavyoingia. Udongo msiuweke mstari kando ya mkondo, maana mtakuwa mmejenga tuta jingine. Tawanyeni uwe unene wa vidole viwili, na usifunike mizizi ya kupumulia ya miti iliyo hai. Kule Mwache, Mombasa, mafuriko ya El Niño ya 1997/98 yalishusha udongo ukafukia mizizi hiyo, na msitu mkubwa ukafa umesimama. Jembe lenu linaweza kufanya hivyohivyo kwa udogo.

Chumvi: chimba shimo la sm 40, subiri maji yajikusanye, pima. Vile vipimo vidogo vya kutazama kwa jicho vinatosha, ofisi nyingi za uvuvi wanavyo. Maji ya bahari ni kama 35 (gramu za chumvi kwa kila kilo ya maji). Mkisoma 90 leo, msipande chochote. Fungueni maji, acheni masika moja yasafishe, pimeni tena kila mwezi. Ikishuka kwenye 60 na ushee, mchu na kikandaa wanaweza kuanza, mkoko bado.

Na sasa sehemu ambayo mfadhili hataipenda: baada ya kufungua, msipande mwaka wa kwanza. Mbegu za mchu na mkandaa zinaletwa na maji zenyewe. Wekeni viwanja vitano vya mita 10 kwa 10, fito nne kila kimoja, hesabuni miche iliyojiotea mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Ikifika 25 kwa kiwanja, hiyo ni 2,500 kwa hekta, sawa na kupanda mita 2 kwa 2. Inatosha kabisa. Pandeni mapengo tu, mwanzoni mwa bamvua ili miche ilowe siku kadhaa mfululizo. Mbuzi wazuieni, mchu mchanga kwao ni mboga.

Mfadhili mpeni hesabu nyingine badala ya miche iliyopandwa: mita za mkondo uliofunguliwa, chumvi kabla na baada, miche hai kwa kiwanja. Akishikilia 10,000, muulizeni atalipia na ripoti ya mwezi wa nane?

---

Kwale_Kusini

Niko upande wa pili wa mpaka, nijibu la hewa ukaa.

Mikoko Pamoja, mradi wa hewa ukaa wa Gazi, ina hekta 117, na karibu zote, 107, ni msitu wa asili unaolindwa. Ya kupandwa ni 10. Ilipata cheti cha Plan Vivo (shirika linalothibitisha miradi ya hewa ukaa) 2013 na inauza takribani tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Gawanya: ni kama tani 25 kwa hekta. Hekta zenu 2 zingetoa 50, tena zikishakuwa msitu. Gharama ya kupima na kukaguliwa peke yake itameza yote. Vanga, jirani zenu kabisa, waliunganisha vijiji vitatu, Vanga, Jimbo na Kiwegu, wakafika hekta 460. Kwa hiyo kama mnataka njia hiyo, hesabuni msitu uliosimama wa vijiji kadhaa pamoja, na muwe na uthibitisho kwamba ukataji uliokuwepo umepungua.

Uthibitisho huo ndio mgumu, sababu watu bado wanahitaji pau na boriti za nyumba na kuni za chokaa na dagaa. Gazi walipanda mivinje nje ya mikoko ili mti wa kujengea upatikane. Mkiweka ulinzi bila mti mbadala, korija (mafungu ya ishirini) za boriti zitatoka msitu wa kijiji cha pili, na mkaguzi atalihesabu hilo dhidi yenu.

Tena chunguzeni mililana yenu. Ikiwa matawi yanakauka kuanzia ncha na gome lina mifereji ya vumbi, kuna wadudu wawili wanaoshambulia mti huo pwani yetu: kiwavi wa nondo Salagena discata na mbawakawa Bottegia rubra. Msikimbilie kupanda chini ya mililana iliyokauka mkidhani imekatwa.

---

Msinzi_Rufiji

Nyongeza ya karatasi, maana wengi hukwamia hapa. Mikoko yote Tanzania Bara ni hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), hata ile iliyo nyuma ya nyumba yako. Kuokota mbegu kwa wingi, kuchimba mkondo na kufungua tuta ni mambo ya ruhusa. Anzeni na muhtasari wa mkutano wa kijiji, BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) washirikishwe, barua iende TFS wilaya ikiwa na ramani ya mkono na vipimo vyenu vya fito. Tuta hilo pia lina mwenyewe kwenye makaratasi, hata kama ameshaondoka. Leseni ya chumvi ikiwa bado hai mtashtakiwa kwa uharibifu. Ulizeni halmashauri kabla ya kukata.

---

Jasini_Pwani

Leseni nitaulizia Jumatatu. Bamvua lijalo tunachomeka fito 14 kuanzia msituni, na mpira wa fundi nimeshaazima. Vipimo nitavileta hapa mvikosoe.

---

MpimaMaji

Ongeza fito ya 15, nje ya tuta kwenye kijito, pale pale mtakapokata. Bila hiyo hutajua sakafu ya mkato iwe wapi.